Picha za PIV zinapoharibika: namna ya kulisaka kosa kati ya kamera na leza

Upimaji wa mtiririko kwa picha za chembe, ambao maabara nyingi huuita PIV tu, unasimama juu ya picha mbili. Leza inapiga mara mbili, kamera inashika fremu A na fremu B, halafu kompyuta inatafuta kila kikundi cha chembe kimesogea pikseli ngapi kati ya fremu hizo. Picha ikiwa mbovu, hakuna usafishaji wa vekta (mishale inayoonyesha msogeo huo) utakaoiponya. Kibaya zaidi, programu nyingi hujaza vekta za kukisia pale zilipokataliwa za kweli, na ramani inayotoka hupendeza macho hata mahali ambapo hakuna kilichopimwa. Ndiyo maana picha ghafi zinastahili kukaguliwa kabla ya hesabu yoyote.

Mifano ya hapa inatumia mpangilio wa kawaida: leza pacha ya Nd:YAG yenye mwanga wa kijani wa nanomita 532, mipigo 10 kwa sekunde, kila mpigo ukidumu nanosekunde 5 hadi 10, kamera ya fremu mbili ya pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli mikromita 6.5, kifaa cha kupanga muda, na tangi la maji lenye chembe za kioo zilizo wazi ndani, kipenyo mikromita 10. Ukuzaji ni 0.1, kwa hiyo kamera inaona eneo la milimita 133 kila upande, na pikseli moja inawakilisha mikromita 65 ndani ya maji.

Leza hii ni ya daraja la 4, lile la hatari zaidi. Miwani ya kinga ifunike nanomita 532 na 1064 pia, kwa sababu mabaki ya mwanga usioonekana hutoka pamoja na ule wa kijani. Vua saa na pete unapokuwa karibu na boriti. Kamera nayo ina jicho: mwako wa leza unaorudi kutoka kwenye kiputo cha hewa, skrubu inayong'aa au ukingo wa kioo unaweza kuunguza kihisi, na pikseli zilizoungua hazirudi. Anza kila siku kwa nishati ndogo na tundu la lenzi lililobanwa, kisha ongeza taratibu.

Mtu akiona picha nyeusi, mkono huenda kwenye lenzi. Ukishahakikisha kifuniko kimetoka na shata ya leza imefunguka, uache mkono mbali na lenzi kwanza. Makosa mengi yanayolaumiwa kamera ni makosa ya muda, na ukigeuza fokasi kabla ya kuyatatua utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Zima leza moja moja

Acha maji yatulie, yakiwa na chembe. Zima swichi ya Q (lango linaloachia mpigo) ya leza ya pili, lakini taa zake za fleshi, zinazoipa leza nishati, ziache ziendelee kupiga ili leza isipoe. Piga jozi 10. Chembe zinatakiwa kuonekana kwenye fremu A pekee. Kisha geuza: zima ya kwanza, washa ya pili. Sasa chembe zionekane kwenye fremu B pekee.

Jaribio hili huchukua dakika tano na linaeleza mengi. Leza ya kwanza ikionekana kwenye fremu B, fremu A ilishafungwa kabla mwanga haujafika: kamera imeanza mapema mno au muda wa fremu A ni mfupi. Leza ya pili ikionekana kwenye fremu A, ni kinyume chake: fremu A bado iko wazi wakati mpigo wa pili unafika. Zote mbili zikiwa zimewashwa, dalili ni kwamba fremu moja ina kila chembe mara mbili, kama nakala iliyosogezwa kidogo, na nyingine ni nyeusi. Watu hudhani leza moja imekufa, kumbe zote ni nzima.

Kama kila jozi ina sura yake, mara mwanga uko A, mara B, mara haupo kabisa, basi kamera haisikilizi triga ya nje, yaani ishara ya kuianzisha. Inakwenda kwa saa yake ya ndani. Rudi kwenye mipangilio ya programu uchague triga ya nje, kisha hakikisha waya umechomekwa kwenye tundu la kuingiza na si la kutolea. Kwenye kamera nyingi matundu hayo yanafanana na yamekaa jirani.

Na kama jozi 100, ambazo kwa mipigo 10 kwa sekunde zingeisha ndani ya sekunde 10, zinachukua sekunde 20, kamera inaruka triga moja kila baada ya moja. Haijamaliza kusoma fremu B wakati triga inayofuata inafika. Punguza kasi ya kurekodi kwa kugawanya triga ya kamera na swichi ya Q, lakini taa za fleshi usiziguse. Leza ya aina hii imetengenezwa kwa kasi moja ya fleshi; ukiibadilisha, joto ndani ya fimbo ya leza hubadilika, boriti hupanuka au kujikunja, na pazia la mwanga (bapa jembamba linaloangaza chembe) ulilolipanga jana halipo tena.

Oskiloskopu ndiyo shahidi

Namba zilizoandikwa kwenye programu ni amri. Kilichotokea kweli utakiona kwenye oskiloskopu. Weka fotodayodi (kihisi kinachogeuza mwanga kuwa ishara ya umeme) ya haraka mahali inapopata mwanga uliotawanyika, kwa mfano ikitazama karatasi nyeupe kando ya kizuia boriti, kamwe isiwe ndani ya boriti yenyewe. Ipeleke chaneli 1 kwa ukinzani wa omu 50. Chaneli 2 ipate ishara ya kamera inayoonyesha muda ambao kihisi kiko wazi. Kamera nyingi za kazi hii zina tundu la ishara hiyo.

Tuache tangi kidogo, tuchukue hewa inayokwenda mita 20 kwa sekunde, kwa kamera na ukuzaji uleule. Kwa dirisha la hesabu (mraba mmoja wa picha ambamo msogeo hutafutwa) la pikseli 32, chembe zisogee si zaidi ya robo yake, yaani pikseli 8, sawa na milimita 0.52. Muda kati ya mipigo ni milimita 0.52 gawanya kwa milimita 20,000 kwa sekunde, karibu mikrosekunde 26. Tuseme taa za fleshi zinawaka sifuri, swichi ya Q inafunguka mikrosekunde 180 baadaye, kamera inapata triga pamoja na fleshi lakini ina ucheleweshaji wake wa mikrosekunde 5, na fremu A imewekwa mikrosekunde 200. Fremu A itafungwa kwenye 205. Mpigo wa kwanza uko 180, wa pili uko 206. Kwenye karatasi mpangilio unafaa, ila mpigo wa pili umebakiza mikrosekunde moja tu kuingia kwenye fremu A. Mtikisiko mdogo wa muda, au pengo la kamera kati ya fremu mbili likiwa refu kidogo, na fremu B inakuwa nyeusi mara moja moja bila utaratibu. Punguza fremu A iwe 188: itafungwa kwenye 193, katikati kabisa ya mipigo miwili. Shabaha ndiyo hiyo, mwisho wa fremu A uangukie katikati.

Kuna mtego hapa ambao haukaguliwi mara nyingi. Kwenye leza kadhaa, nishati hupunguzwa kwa kusogeza ucheleweshaji wa swichi ya Q. Mtu akipunguza nishati ya leza ya pili kwa njia hiyo ili zilingane, na programu ikawa haifidii, mpigo wa pili umehama. Umebadilisha mwanga, na bila kujua umebadilisha pia muda unaogawanyia kasi. Kila unapogusa nishati, pima tena umbali kati ya vilele viwili kwenye oskiloskopu.

Triga nazo ziangaliwe umbo. Ishara ya volti 5 kwenye waya mrefu wa BNC usiofungwa kwa omu 50 hurudi nyuma kama mwangwi, na kifaa kinaweza kuhesabu triga mbili badala ya moja. Kwa upande mwingine, kifaa chenye msukumo dhaifu kikifungwa omu 50 kitashuka hadi volti 2.5 au chini yake, na kamera isione kitu. Pima kwenye ncha ya kamera, usipime kwenye ncha ya kifaa.

Kamera inayofanya kazi vizuri leza ikiwa imezimwa, kisha inakatika mara tu swichi ya Q inapoanza, inaonewa na kelele za umeme. Swichi ya Q hufanya kazi kwa kilovolti kadhaa zinazobadilika ghafla. Tenganisha nyaya za kamera na kebo nene ya leza, zisipite sambamba wala kukunjwa pamoja, na vifaa vyote vishiriki ardhi moja.

Kwa kamera za sCMOS (aina mojawapo ya kihisi cha kisayansi), hakikisha shata ni ile inayofungua mistari yote kwa pamoja. Shata inayofungua mstari baada ya mstari huacha mkanda wenye chembe na mkanda mweusi ndani ya fremu moja, na hakuna mpangilio wa muda utakaolirekebisha hilo.

Fremu B ina ukungu, fremu A ni safi

Hili ni jambo la maumbile ya kamera. Fremu A ikishafungwa, huhamishiwa kwenye hifadhi na kuanza kusomwa, na muda wote huo fremu B inabaki wazi. Fremu A ikiwa milisekunde 1 na usomaji ukichukua milisekunde 60, fremu B inakusanya mwanga wa chumba mara 60 zaidi. Taa ya dari, skrini ya kompyuta, taa ndogo ya kijani ya kifaa cha umeme, vyote vinaingia.

Zima taa, funika tangi kwa kitambaa cheusi, geuza skrini. Kisha weka mbele ya lenzi kichujio kinachopitisha nanomita 532 pekee, chenye upana wa nanomita 10 hivi. Kichujio cha aina hiyo hakipendi mwanga unaokuja kwa mshazari: kadiri pembe inavyoongezeka, ndivyo rangi kinayopitisha inavyosogea kuelekea buluu. Ukitumia lenzi pana, pembe za picha zitakuwa nyeusi na katikati patang'aa, nawe utadhani pazia la leza limepinda.

Mng'ao wa ukuta ni jambo jingine, kwa sababu unatokana na leza yenyewe na utaonekana kwenye fremu zote. Paka rangi nyeusi isiyong'aa. Ikishindikana, tumia chembe zenye rangi ya rodamini B, ambazo hupokea kijani na kurudisha mwanga wa rangi ya chungwa, pamoja na kichujio kinachozuia kijani. Ukuta hupotea na chembe hubaki. Ukiamua kutoa mandhari kwa hesabu, piga jozi 50 hadi 100 na utengeneze mandhari mbili, moja ya A na moja ya B. Mandhari moja kwa fremu zote mbili ni kosa, maana zimekaa wazi kwa muda tofauti.

Je, pazia mbili za mwanga zimelaliana?

Fremu zote zina chembe, muda ni sahihi, lakini vekta zimetawanyika kama vumbi. Hapa mshukiwa ni leza mbili zisizopita njia moja. Leza ya kwanza inaangaza tabaka moja la maji, ya pili inaangaza tabaka jirani, na kamera inaonyeshwa chembe tofauti.

Lithibitishe kwa maji tulivu. Weka muda kati ya mipigo uwe mikrosekunde 2 na piga jozi 20. Katika muda huo hakuna chembe inayoweza kusogea kiasi cha kuonekana, kwa hiyo A na B zinatakiwa kuwa karibu picha moja: chembe ileile, mahali palepale, na ulinganifu (kipimo cha kufanana kwa fremu mbili) karibu na 1. Badilisha fremu kwenye skrini A, B, A, B. Chembe zikiwaka na kuzimika badala ya kutulia, pazia hazijalaliana. Tazama pia ni upande gani: mara nyingi katikati ya picha panalingana na kingo hazilingani, ishara kwamba boriti zimekutana mahali pamoja zikiwa na pembe tofauti. Zipange upya kwa karatasi ya kuunguzia katika sehemu mbili, karibu na leza na mbali nayo, mita 2 au 3. Alama zikikutana karibu lakini zikaachana mbali, tatizo ni pembe.

Kama chembe ni zilezile lakini fremu moja ni hafifu, pima nishati ya kila leza kwa kipima nguvu baada ya kuiacha ipate joto dakika 20. Fuwele inayogeuza nanomita 1064 kuwa 532 hufanya kazi vizuri kwenye joto lake maalumu. Picha za dakika tano za kwanza hazifai kutolea uamuzi.

Itazame chembe moja kwa karibu

Kuza picha hadi uone miraba ya pikseli na usome namba. Kwenye picha ya biti 12, ambayo mwisho wake ni 4095, chembe nzuri ina kilele cha mamia kadhaa au zaidi, tuseme 620, majirani wake wako 200 hadi 300, na mandhari ni 40. Imekaa juu ya pikseli mbili au tatu kila upande, na kutokana na mteremko huo programu inaweza kukisia kitovu chake kwa sehemu ya kumi ya pikseli.

Chembe mbaya ina pikseli moja ya 900 na majirani wa 45. Inang'aa, inapendeza, na haina taarifa yoyote ya mahali ilipo ndani ya pikseli hiyo. Matokeo yake ni kwamba msogeo huvutwa kwenye namba kamili: 3, 4, 5. Chora grafu ya desimali za msogeo wote, utaona vilima kwenye sifuri na moja na bonde katikati.

Dawa ni tundu la lenzi. Ukubwa wa taswira ya chembe ndogo huwekwa na mwanga wenyewe: 2.44 mara (1 + ukuzaji) mara namba ya f (inayokua kadiri tundu linavyobanwa) mara urefu wa wimbi. Kwa ukuzaji wa 0.1 na f/8 unapata mikromita 11.4, yaani pikseli 1.8. Kwa f/11 ni mikromita 15.7, pikseli 2.4, na hapo ndipo panapofaa. Kwa f/16 ni pikseli 3.5, bado inakubalika, lakini mwanga umepungua nusu tena na kina cha fokasi ni kikubwa kuliko unavyohitaji kwa pazia la milimita 1. Ukikosa mwanga kwa f/11, usikimbilie kuongeza geini, kwa sababu kelele nazo huongezeka. Punguza kimo cha pazia lifunike eneo la kamera tu. Nishati inayopotea juu na chini ya picha huwa kubwa.

Fokasi irekebishwe kwa chembe zenyewe chini ya leza, kwa nishati ndogo na tundu likiwa wazi kadiri nishati hiyo inavyoruhusu, pale kina cha fokasi kinapokuwa chembamba na kosa linaonekana haraka. Kisha bana tundu hadi f/11 na funga pete kwa utepe. Fokasi iliyofanywa kwa sahani ya vipimo chini ya taa nyeupe inaweza isikae sawa kwenye kijani. Chembe zikinyooka kama mchirizi mlalo upande mmoja wa picha, kamera haitazami ukuta wa tangi kwa pembe mraba; mwanga unapinda unapotoka majini. Sogeza kamera, usisogeze pete.

Wingi wa chembe hukaguliwa kwa kuhesabu: 8 hadi 10 ndani ya kila mraba wa pikseli 32. Zikiwa 3, ongeza chembe au panua dirisha. Zikiwa nyingi hadi maji yanaonekana kama maziwa, mwanga unatawanyika mara mbilimbili na kila kitu kinafifia.

Picha zinapotea njiani

Jozi moja ya kamera hii, ikihifadhiwa kwa biti 16, ni megabaiti 16.8. Jozi 10 kwa sekunde ni megabaiti 168, wakati mtandao wa gigabiti moja haubebi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde hata katika hali bora. Haitawezekana, hata ukibadilisha kebo mara ngapi. Shuka hadi biti 8, ambayo ni megabaiti 84, au punguza eneo la kihisi, au rekodi jozi 5 kwa sekunde. Ikiwa kiasi kinatosha na bado unaona mistari myeusi ya mlalo au fremu zilizokatika, weka ukubwa wa pakiti uwe baiti 9000 kwenye kadi ya mtandao, zima hali ya kuokoa umeme ya kadi hiyo, na uichomeke kamera moja kwa moja bila kupitia swichi ya ofisi. Rekodi kwenye RAM kwanza, kisha hamishia kwenye diski.

Kwa kamera ya kasi kubwa inayorekodi fremu moja moja mfululizo, fremu moja ikipotea, jozi zote zinazofuata zinageuka: B ya zamani inalinganishwa na A mpya. Dalili ni kwamba kuanzia picha fulani vekta zote zinavurugika kwa pamoja. Angalia namba za mfululizo za fremu kabla ya kulaumu mtiririko.

Ukiwa na leza ya mwanga mfululizo

Maabara isiyo na leza ya mipigo inaweza kutumia leza ya kijani isiyokatika na kamera ya kawaida ya viwandani. Hapa mpigo ni shata yenyewe, na kosa la kwanza ni chembe kuwa mistari. Kanuni ni rahisi: chembe isisogee zaidi ya pikseli moja wakati shata iko wazi. Kwa maji ya mita 0.1 kwa sekunde na mikromita 65 kwa pikseli, shata isizidi milisekunde 0.65. Kwa mita 0.5 kwa sekunde, isizidi 0.13, na hapo mwanga wa leza ndogo hautoshi tena isipokuwa upunguze eneo, utumie chembe kubwa zaidi, au ufungue lenzi na kukubali fokasi yenye kina kidogo. Hifadhi picha zisizobanwa. Video iliyobanwa hufuta chembe hafifu na kuchora miraba mahali pake, na hesabu itafuata miraba hiyo.